Wanaotaka kazi ya gari la wagonjwa Dar, njooni tuongee hapa

Nesi wa Usiku

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Kila wiki napokea ujumbe wa aina moja: "Dada, nimemaliza kidato cha nne, nataka kuwa paramediki, chuo kipo wapi hapa Dar?" Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Leo nipo mapumziko, nimeona niyaweke yote hapa ili anayekuja kesho asome, na wanaojua kunizidi waongeze.

Mimi ni nesi. Nina miaka 9 idara ya dharura, na mitano kati ya hiyo nimekuwa nikipanda gari la wagonjwa: kufuata majeruhi, kuhamisha mgonjwa kutoka hospitali ndogo kwenda kubwa, kusindikiza mama mjamzito usiku wa manane. Hospitali sitaitaja, na mgonjwa yeyote nitakayemsimulia nimebadilisha kinachoweza kumtambulisha.

Nianze na usiku mmoja, maana bila usiku ule nisingefungua uzi huu.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza kwenye gari. Tuliitwa kituo kimoja cha afya upande wa Kimara kumchukua kijana aliyeanguka na bodaboda, hakuwa na helmeti. Hana fahamu. Tukampakia chali kwenye machela, nikamfunga mikanda, nikamtundikia dripu, dereva akawasha king'ora. Njia nzima kijana alikuwa anakoroma, kukoroma kwelikweli, kama mtu aliyetoka kubeba zege. Na mimi nikajituliza kwa kukoroma kule: anakoroma, basi anapumua, basi mzima. Nikahangaika na dripu iliyokuwa inagoma kwa mtikisiko wa gari. Pale Ubungo dereva alipita kama maji. Tulifika mapema kuliko nilivyotegemea.

Milango ilipofunguliwa, daktari wa zamu hakuuliza presha wala hakuitazama dripu yangu. Alisimama upande wa kichwa, akaweka vidole nyuma ya pembe za taya, kulia na kushoto, akalisukuma taya mbele. Kukoroma kukakata palepale. Kifua kikapanda vizuri kwa mara ya kwanza tangu Kimara. Midomo iliyokuwa ya kijivu ikaanza kurudi rangi yake.

Ni ulimi. Mtu akipoteza fahamu misuli inalegea, ulimi unaangukia nyuma na kuziba njia ya hewa. Ile sauti iliyonituliza njia nzima ilikuwa ya mtu anayekosa hewa taratibu, nami nimekaa sentimita 40 kutoka kichwani kwake. Alitoka hospitali baada ya wiki kadhaa, anatembea mwenyewe, ila maneno yalikuwa yanamtoka kwa taabu. Nilimwona siku anaruhusiwa, mama yake amemshika mkono anamwelekeza mlangoni. Hakuna aliyenigombeza. Nilijigombeza mwenyewe, na wiki ileile nikaenda kuomba nipelekwe mafunzo.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeniuliza chuo kipo wapi, nitakujibu. Lakini ujue kwanza unachokwenda kusomea. Gari la kasi tayari lipo, na madereva wazuri wapo. Kinachopungua mjini kwetu ni mtu wa kukaa kule nyuma na mgonjwa, anayejua aanze na nini.

Sasa njia yenyewe.

Hapa kwetu sehemu kubwa ya wanaohudumu kwenye magari ya wagonjwa ni wauguzi na matabibu waliojiongezea mafunzo ya dharura. Njia ya uhakika ni kuanza na stashahada ya uuguzi na ukunga au ya utabibu, miaka 3, kuanzia ngazi ya 4 mpaka ya 6 kwa utaratibu wa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Unatakiwa uwe umefaulu kidato cha nne masomo manne yasiyo ya dini, ndani yake Biolojia, Kemia na Fizikia. Mwongozo wa udahili hutoka kila mwaka, usome mwenyewe ukurasa kwa ukurasa. Usiridhike na maneno ya dalali wa vyuo pale stendi. Ukimaliza unasajiliwa na baraza lako: wauguzi na wakunga wana lao, matabibu wako Baraza la Madaktari Tanganyika. Bila leseni hugusi mgonjwa.

Baada ya hapo ndipo unatafuta mafunzo ya dharura yenyewe. Yapo mafunzo ya msingi ya Shirika la Afya Duniani, yaliyotolewa mwaka 2018 kwa kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na shirikisho la kimataifa la madaktari wa dharura. Kabla ya kutolewa yalifanyiwa majaribio Uganda, Zambia na hapa kwetu Tanzania. Ni ya siku chache, kama 5 hivi, na yamegawanyika katika vitu vinne: mgonjwa anayepumua kwa shida, mgonjwa aliyeishiwa nguvu ya mzunguko wa damu, mgonjwa aliyebadilika fahamu, na majeruhi. Ukitazama vizuri, karibu kila unayempakia garini anaingia kwenye mojawapo.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Muhimbili, wana shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Kwa madaktari, uzamili wa tiba ya dharura ulianza palepale mwaka 2010, mwaka ambao idara mpya ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa. Wale wa kwanza walihitimu 2013. Yaani taaluma yenyewe hapa nchini bado ni changa kuliko wewe unayeniandikia.

Naweka kituo hapa kwanza, maswali karibu.

Mtoto wa Kiwalani

Dada shikamoo. Mimi ni mmoja wa waliokuandikia. Biolojia nina C, Fizikia D, Kiswahili B, Kemia nimepata F. Kuna chuo wameniambia nilipe tu ada, hiyo F wataishughulikia. Naomba ushauri wako.

Nesi wa Usiku

Marahaba mdogo wangu. Usilipe hata senti. Anayekuambia F itashughulikiwa atakuchukulia ada ya mwaka mzima, halafu siku ya kuhakikiwa jina lako halitaonekana. Nimemwona binti analia kwenye ngazi za ofisi na risiti mkononi.

Jisajili mtahiniwa wa kujitegemea, rudia Kemia. Mwaka mmoja. Na huo mwaka usikae bure: nenda Chama cha Msalaba Mwekundu ukajifunze huduma ya kwanza, ujitolee. Utajua mapema kama moyo wako unastahimili damu na kelele za ndugu wa mgonjwa. Wapo waliogundua mwaka wa tatu wa chuo kwamba hawawezi, na ada ya mzazi ilishakwenda.

Na hiyo Kemia utaikuta mbele: sukari ya damu, chumvi mwilini, dawa unayochanganya na maji kwa vipimo. Ukikosea nukta moja ya desimali kwenye adrenalini, hakuna mtihani wa marudio.

Mbongo Ughaibuni

Nawasoma kutoka Marekani. Niongezee kidogo kuhusu hayo majina maana watu wanachanganya. Huku EMT na paramediki ni watu wawili tofauti. EMT anasoma masaa kama 150 hadi 200, anajua kufungua njia ya hewa, kutoa oksijeni, kuzuia damu, kufunga mivunjiko, kukandamiza kifua cha aliyesimama moyo. Paramediki anasoma masaa 1,200 hadi 1,800 juu ya hapo, anasoma mchoro wa umeme wa moyo, anaweka mrija kwenye koo, anatoa dawa nyingi kwa mshipa. Mtihani wa taifa unasimamiwa na rejista iliyoanzishwa 1970. Mtu akisema "nataka kuwa paramediki" aulizwe anamaanisha yupi.

Kuna jambo ambalo wengi hata huku hawalijui. Kati ya watu wa mwanzo kabisa kufundishwa kazi hii kwa kiwango cha juu walikuwa vijana weusi wa mtaa mmoja maskini wa Pittsburgh, mwaka 1967. Huduma yao iliitwa Freedom House. Wengi walikuwa hawana ajira, wengine hata sekondari hawakumaliza. Daktari wa usingizi Peter Safar ndiye aliyewaandalia mafunzo. Kabla yao, mgonjwa pale alikuwa anabebwa na gari la polisi au la kampuni ya mazishi, anatupwa nyuma peke yake. Huduma ilifungwa 1975, lakini walichokifanya kiliigwa na miji mingine.

Nesi wa Usiku

Mkuu, asante sana. Hiyo ya gari la mazishi imenigusa, kwa sababu hapa kwetu mgonjwa anayetupwa nyuma peke yake bado namwona, ni vile tu gari limeandikwa ambulensi.

Mkweli Daima

Dada, kwa heshima zote, naona unawapa watoto matumaini. Ajira ziko wapi? Magari mengi ni kitanda na king'ora. Mjomba wangu alihamishwa kutoka hospitali moja ya wilaya, oksijeni iliisha njiani. Hata huyo paramediki wa Marekani angefanya nini?

Nesi wa Usiku

Pole sana kwa mjomba, mkuu. Hilo la ajira ni kweli na sitalifunika. Anayesoma uuguzi au utabibu ana wodi ya kurudia, ndiyo maana nawaelekeza huko kwanza, wasibaki na cheti kimoja mkononi kisichokuwa na mlango.

Kwenye oksijeni nitakujibu kwa hesabu, kwa sababu hesabu hiyo ni sehemu ya mafunzo. Mtungi mdogo wa garini uliojaa una lita kama 680. Mgonjwa anayehitaji lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa dakika 68. Kutoka Kibaha mpaka Upanga alfajiri unafika na akiba. Ijumaa saa 12 jioni, mvua imenyesha, magari yamefungana kuanzia Kibamba, dakika 68 hazitoshi. Aliyefundishwa anasoma geji kabla gari halijaondoka, anahesabu, anadai mtungi wa pili, na asipopewa anapiga simu hospitali ya njiani kuwaambia wakae tayari. Asiyefundishwa anafungua koki, anasikia "shhh", anaona mambo yako sawa.

Mimi kila zamu naanza na vitu vitano kabla hata sijasaini daftari: mtungi, mashine ya kunyonya makohozi, mfuko wa pumzi wa kumsukumia hewa asiyepumua, kipimo cha sukari, glavu. Nikikuta kimoja kibovu naandika na nasema. Nimewahi kuonekana mkorofi kwa hilo. Nimekubali.

Suka wa King'ora

Sista, salaam. Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa, miaka 14 sasa. Nataka niseme la upande wetu, maana watu wanadhani sisi tukikanyaga mafuta ndio kazi imeisha.

Nikiwa kijana nilikimbiza sana. Siku moja nesi aliyekuwa nyuma alikuwa anakandamiza kifua cha mzee, mimi nikapiga breki kali kwa daladala iliyoingia ghafla pale Manzese. Nesi akaenda na kichwa kwenye kabati la chuma. Nikawa na wagonjwa wawili. Tangu hapo naendesha nikisikiliza nyuma. Tuna lugha yetu: akigonga mara moja napunguza, akigonga mara mbili nasimama pembeni. Tuta naliingia kama nimebeba trei la mayai, kwa sababu mtu aliyevunjika nyonga kila tuta linamchana.

Vijana wanaotaka kazi hii wasidharau kiti cha mbele. Dereva naye afundishwe kubeba, kugeuza mgonjwa bila kukunja shingo, na kukandamiza kifua. Mara nyingi tuko wawili tu garini.

Nesi wa Usiku

Kaka, shikamoo, na Mungu akuzidishie. Kila neno ni kweli. Kwenye gari linalotikisika kukandamiza kifua vizuri ni kazi ngumu mno: sentimita 5 hadi 6 chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kirudi juu chote kabla hujashuka tena. Ukiwa peke yako baada ya dakika 2 mikono imeisha. Ndiyo maana anayesimama moyo mara nyingi tunamshughulikia palepale alipo kwanza, ndugu wakitupigia kelele "mpelekeni hospitali!" Nawaelewa. Lakini hospitali ya kwanza ya mtu yule ni zile dakika za sakafuni.

Niendelee na mafunzo, maana nilisema nitayaeleza.

Wanafundisha mpangilio, nao unafuata herufi A mpaka E za maneno ya Kiingereza. Kwanza njia ya hewa: imefunguka? Pili upumuaji: kifua kinapanda pande zote mbili, anapumua mara ngapi kwa dakika? Tatu damu: inatoka wapi, mapigo yakoje, ukibonyeza kucha rangi inarudi ndani ya sekunde 3? Nne fahamu: yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, au haitikii chochote? Na hapohapo unapima sukari. Tano unamvua nguo, unamkagua mbele na nyuma, halafu unamfunika asipate baridi. Ukikuta tatizo unalitatua kabla hujaenda herufi inayofuata. Hali ikibadilika unarudi A.

Inaonekana rahisi. Nawaambia siyo, kwa sababu jeraha linalovutia macho mara chache ndilo linaloua. Mguu umegeuka nyuma, watu wote wanapiga yowe kuhusu mguu, nawe unatakiwa uupite ule mguu uende kwanza kichwani usikilize hewa. Macho yanagoma. Yanavutwa na mguu. Unafundishwa kuyakatalia mara 50 darasani ili usiku ule yakutii.

Halafu sukari. Nimemfuata mgonjwa ambaye jirani zake Tandika walishakubaliana kuwa ana mapepo, mwingine akasema ni pombe. Kipimo kilionyesha 1.6, sukari imeshuka mno. Alikuwa mgonjwa wa kisukari aliyechoma dawa asubuhi, akakosa chakula. Glukosi kwenye mshipa, dakika chache baadaye anaketi, anauliza viatu vyake viko wapi. Tone moja la damu kwenye kidole lilimaliza ubishi wa nyumba nzima.

Lakini kilichonibadilisha mimi ni mfuko wa pumzi, ule wenyewe tunauita ambu.

Nilidhani ninaujua. Chuoni nilishaushika mara mbili tatu. Mwalimu wetu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, aliweka simu yake mezani ikihesabu sekunde, akasema kila mtu atakaa dakika 20 na mdoli wa mazoezi. Unaishika barakoa kwa mkono wa kushoto: kidole gumba na cha shahada vinazunguka barakoa kuibana usoni, vile vitatu vinavyobaki vinashika mfupa wa taya na kulivuta juu. Usibonyeze barakoa chini kwenye uso, wewe ulete uso juu kwenye barakoa. Mkono wa kulia unaminya mfuko taratibu kwa sekunde moja, mpaka uone kifua kinaanza kupanda, basi, unaachia. Mtu mzima mara moja kila sekunde 6.

Dakika ya nne kidole changu kidogo kilianza kutetemeka. Ya saba hewa ikaanza kuvuja pembeni ya shavu, nikaisikia ikipita "fsss" kwenye kiganja. Mwalimu akaja akakirudisha kidole mahali pake bila kusema neno. Lililonishangaza lilikuwa jingine: bila kujua, nilikuwa naminya kila sekunde 3. Wote tulikuwa hivyo. Hofu inakwenda mkononi. Akatueleza kwamba hewa ya ziada inaingia tumboni, tumbo linajaa, mgonjwa anatapika, matapishi yanaingia kwenye mapafu. Na kifua kikijaa hewa muda wote, damu inashindwa kurudi kwenye moyo. Tangu siku ile nikiushika ambu nahesabu kwa sauti, mbele ya ndugu, mbele ya polisi, mbele ya yeyote. Moja, mbili, tatu, nne, tano, minya.

Mama Chanika

Wanangu, habari zenu. Mimi si mtaalamu, nimepita nikasoma. Nataka kushuhudia. Binti yangu alijifungua salama kwenye kituo chetu, baada ya nusu saa damu ikaanza kutoka, inatoka tu. Nesi wa kituo akapiga 115, gari likaja kumhamisha. Njia nzima yule dada aliyekuja na gari alikuwa amemkandamiza tumboni anamkanda, anakanda, jasho linamtoka, na huku anamuita jina. Mimi nilitaka kumwambia mwanangu anaumia, mwache. Leo mjukuu anatambaa na mama yake yupo. Nilikuwa sijajua kwa nini alikuwa anamkanda vile.

Nesi wa Usiku

Shikamoo mama. Nimesoma nimetulia kwanza ndipo nikajibu. Mfuko wa uzazi baada ya kujifungua unatakiwa ujikaze uwe mgumu, ndivyo unavyoifunga mishipa iliyokuwa inalisha kondo. Ukilegea, damu inamwagika. Yule dada alikuwa anaulazimisha ujikaze kwa mkono wake, pamoja na sindano ya oksitosini aliyokuwa amechomwa. Akiacha dakika 5 unalegea tena. Kwa hiyo hakuacha. Mfikishie heri zangu mkikutana.

Kwa wengine: 115 ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Pasipo na gari la wagonjwa karibu, mfumo unaweza kumtuma dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyeandikishwa. Zimamoto na Uokoaji ni 114, nao wanatoa watu kwenye magari yaliyobonyea. Polisi ni 112. Ziandikeni kwenye simu za wazazi wenu leo.

Boda wa Goba

Sista, mimi ni bodaboda. Nimesoma uzi wote nimeumia, kwa sababu ajali ikitokea huku ni sisi tunaofika wa kwanza. Tunambeba majeruhi mshikaki, mmoja mbele, mmoja nyuma amemshikilia katikati. Hatuna njia nyingine, gari la wagonjwa utalisubiri mpaka lini. Na tukifika hospitali tunaogopa, wanauliza PF3, polisi anakuona kama wewe ndiye uliyegonga. Wenzangu wengine wanaona bora wapite. Sasa hilo la kukoroma ndio nimelijua leo. Tumebeba wangapi wanakoroma?

Nesi wa Usiku

Kaka yangu, usijihukumu. Mimi nilikuwa na cheti ukutani na sikulijua.

PF3 ni karatasi ya polisi kwa ajili ya ushahidi. Aliye hatarini anaanza kutibiwa, karatasi inafuata. Ukifika, sema mambo matatu kwa sauti mlangoni: ameumia saa ngapi, ameumiaje, umemfanyia nini. Ukisema hivyo anayekupokea anajua wewe ni msaidizi.

Kwenye tukio lenyewe, angalia usalama wako kwanza, magari yasije kuwapanda. Pigeni 112 hata kama mtamwondoa wenyewe. Damu inayoruka, bonyeza palepale kwa kitambaa, kanga, fulana, bonyeza kwa uzito wako, na usifunue kila dakika kutazama. Asiyejitambua ila anapumua, mlaze ubavu, kichwa na mgongo vigeuke pamoja kama gogo, mdomo uelekee chini kidogo ili matapishi yatoke. Akikoroma, sukuma taya mbele kama nilivyoeleza, usimkunje shingo nyuma. Helmeti kama anapumua vizuri iacheni. Kama hapumui lazima itoke, na hapo muwe wawili, mmoja ameshika shingo isicheze. Maji usimpe, hata akiomba. Na ikiwezekana mumtafutie bajaji au Noah alale, kuliko mshikaki. Akikaa wima katikati kichwa kinaanguka mbele, na njia ya hewa inajifunga yenyewe.

Wale vijana wa Pittsburgh aliowataja mkuu wa ughaibuni hawakuwa tofauti na nyinyi. Walikuwa wanajua kila kichochoro cha mtaa wao. Nyinyi mnafika dakika ya 2, mimi nafika dakika ya 40. Kariakoo ghorofa lilipoanguka Novemba 2024, mikono ya kwanza kwenye kifusi ilikuwa ya wafanyabiashara na wapita njia.

Boda wa Goba

Nimekuelewa sista, ila kwa kusoma haiingii mkononi. Hapo kwenye taya nimejaribu kwa mdogo wangu hapa nyumbani sijui kama nimepatia. Unaweza kuja kijiweni kwetu?

Suka wa King'ora

Sista ukienda niambie, naja kuwaonyesha kubeba. Machela ya zamani ninayo.

Nesi wa Usiku

Nakuja Jumamosi, saa 3 asubuhi, kabla jua halijawa kali. Sihitaji malipo. Andaeni mkeka, kanga mbili, helmeti moja, na mtu mwenye mwili mkubwa atakayekubali kulala chini tumgeuze. Nitaazima mdoli na ambu kwa mwalimu wangu. Kila mtu atashika taya ya mwenzake, kwa hiyo anawe mikono kwanza.

Mtoto wa Kiwalani

Dada, na mimi naweza kuja? Kemia nimeshajisajili jana.

Nesi wa Usiku

Njoo. Panda gari za Goba pale Mawasiliano, ukishuka mwulize bodaboda yeyote. Uje umekula.

Boda wa Goba

Mkeka upo. Tumeshajiandikisha 14.